Traki ya Bibi Kokugonza Sikuifuta

Siku ya ujana wangu ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni Jumamosi moja ya kiangazi kule Igurwa, nilipowaketisha wanawake kumi na mmoja waisikilize kazi niliyoidhania kuwa nzuri, na mmoja wao akaniuliza nimempeleka wapi dada yake.

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na saba, mzaliwa wa Kihanga, mwanafunzi wa shahada ya uzamili. Nilikuwa nimerudi Karagwe na kompyuta na vipaza sauti vitatu ili nirekodi nyimbo za wanawake wanaochambua kahawa. Nasema vitatu, ingawa cha tatu kilikuwa kinakatika, na mtu makini zaidi yangu angesema viwili na nusu. Utanisamehe, mimi ni mtu wa kupima kila neno mara mbili, na tabia hiyo ndiyo iliyoniponza na ndiyo iliyoniokoa.

Wanawake wale walikutana uani kwa Bibi Kokugonza, wakakaa kuzunguka majamvi yaliyoanikwa kahawa ya maganda, wakachambua na kuimba. Bibi alianzisha, wengine wakaitikia. Lakini hawakumsubiri amalize mstari wake. Walimwingilia katikati, naye akaendelea kuimba pamoja nao, sauti yake nyembamba ikipita katikati ya zao nzito. Kipaza sauti kimoja nilikiweka karibu na mdomo wake. Viwili nikavielekeza kwa waitikiaji.

Sasa nikueleze kosa lenyewe, kwa sababu na wewe utakaa mbele ya skrini kama ile. Katika programu ya kurekodia, kila kipaza sauti hupewa traki yake, yaani mstari mmoja unaotunza sauti iliyoingia kwa njia hiyo pekee. Kisha unaweza kuzielekeza traki kadhaa zipite pamoja katika njia moja ili uzishughulikie kwa mpigo, na njia hiyo mafundi wa studio huiita basi. Hayo niliyajua kwa kichwa, ningeweza kuyajibu katika mtihani wowote. Nilichokuwa sijakielewa ni kwamba basi halijui nani ni nani. Ukilifanyia jambo, umewafanyia wote waliomo.

Nilizielekeza traki zote tatu katika basi moja. Juu ya basi hilo nikaweka kompresa, kile chombo cha ndani ya programu kinachobana sauti inapozidi ukubwa. Waitikiaji walipopaza, kompresa ilibana. Na kwa kuwa Bibi alikuwa humohumo, naye alibanwa, ingawa sauti yake ilikuwa ndogo tangu mwanzo. Mimi nilitazama skrini, nikaona mawimbi yamelingana kama nyasi zilizofyekwa vizuri, nikaridhika. Ndiyo, mwanangu, niliridhika kwa macho.

Kikundi kile kilikuwa na utaratibu wake: mtu akijifunza wimbo wao, haondoki nao mpaka awaimbie wenyewe na wamkubali. Mimi sikuweza kuimba. Niliyoileta iimbe ni mashine. Kwa hiyo niliweka spika juu ya beseni lililofunikwa, nikaamkia.

“Shikamoo, Bibi.”

“Marahaba. Haya, imba na hiyo mashine yako.”

Wimbo ulipofika katikati, Ma Jovitha, jirani yake, mwanamke mcheshi sana, aliangua kicheko. “We Kokugonza! Umevuka mpaka pale Murongo bila kibali? Mbona hatukusikii?”

Wote walicheka isipokuwa Bibi.

“Rudisha,” aliniambia. Nikarudisha. “Rudisha tena.” Nikarudisha tena. Kisha akaweka chini ungo wake. “Mjukuu wangu, dada yangu umempeleka wapi?”

Sikuelewa. Ndipo aliponieleza, taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Kibanja kile tulimokuwa tumekaa, migomba yake na mibuni yake, kilipandwa na dada yake mkubwa aliyeitwa Kokushubila, kwa mikono yake mwenyewe. Siku ya mazishi yake, aliyesoma wasifu wa marehemu alitangaza mbele ya watu kwamba kibanja kilipandwa na kaka zao. Hakuna aliyesimama kupinga. Wiki hiyohiyo Bibi aliingiza katika wimbo wa kahawa mstari mmoja: *Kokushubila ndiye aliyepanda.* Hapakuwa na mahali pengine popote ambapo ukweli huo ulitamkwa kwa sauti. Na ni palepale, kwenye jina, waitikiaji walipoingia.

“Wanaingia hapo ili nisiseme peke yangu,” Bibi alisema. “Wewe umewafanya waninyamazishe.”

Nilianza kujitetea. “Bibi, kitaalamu, sauti zikilingana, msikilizaji…”

“Kitaalamu!” Ma Jovitha alidakia. “Mpisheni, anatafuta pa kutokea.”

“Mwache,” Bibi alisema. “Nionyeshe nilipo.”

Nikamgeuzia kompyuta. Nikazima traki nyingine zote, nikaiacha yake. Jina likatoka, jembamba na kamili, hata pumzi aliyoivuta kabla yake ikasikika. Bibi alisogea mpaka paji la uso wake likakaribia kugusa skrini.

“Kumbe nipo.”

“Upo, Bibi. Traki ndiyo inayokutunza. Basi halitunzi kitu, linapitisha tu.”

“Kwa hiyo ni wewe uliyenipitisha pabaya.” Hakusema kwa hasira, na hilo liliniuma zaidi. “Nipitishe kwangu. Hawa nao wapitishe kwao. Tukutane mlangoni, tutoke pamoja.”

Mwanangu, nilikuwa nimesoma vitabu vinene kuhusu jambo hilo, na hakuna kilichonieleza kwa usahihi kama ule. Nilifanya kazi hiyo palepale, wao wakichambua. Traki ya Bibi niliipa njia yake, bila kubanwa. Traki mbili za waitikiaji niliziunganisha katika basi lao, nikalibana kidogo sana. Njia zote mbili zikakutana mwishoni, katika ile njia kuu inayopeleka sauti nje. Tulipousikiliza tena wimbo, jina lilisikika, na waitikiaji walikuwa chini yake wamelibeba. Wanawake walipiga vigelegele, nami nikaruhusiwa kuondoka na wimbo.

Nilidhani yameisha. Mwalimu aliyenisimamia alizisikiliza rekodi zote mbili, akaisukuma ya pili pembeni.

“Ya kwanza ilikuwa safi. Hii ina fujo. Wasilisha ya kwanza, faili moja. Na hizo traki zifute. Hifadhi yetu haipokei mabaki.”

“Si mabaki, mwalimu. Ni mtu.”

“Unataka kuhitimu au unataka ubishi?”

Nisikudanganye kwamba nilisimama kama shujaa. Sauti ilinitoka kama ya mtoto aliyekamatwa akiiba ndizi mbivu. Lakini maneno yalitoka. “Nataka kuhitimu. Traki sizifuti.”

Mwaka ule wenzangu walivaa majoho, jina langu halikusomwa. Miezi mingi nilijihoji: labda yeye ndiye aliyesikia vizuri, labda nilikuwa nimepumbazwa na vigelegele. Kila nilipofika hapo niliifungua traki ile na kuisikiliza, si kwa kupenda wimbo, bali kama mtu anayehesabu upya hesabu anayoogopa ameikosea. Kila mara jina lilikuwepo. Mwaka uliofuata niliwasilisha rekodi ileile ya pili, bila kubadilisha hata sekunde moja, nikaambatanisha maelezo ya kila njia na sababu yake. Walinipitisha. Hawakunipongeza, wala sikuwashukuru. Na Kokushubila anasikika mpaka leo, kwa yeyote atakayetaka kusikiliza.

Sasa nakusihi. Usifute traki yoyote kwa sababu mwenye cheo amekuambia ni uchafu. Basi ulilolipanga vibaya utalipanga upya kwa dakika chache, lakini ukishaifuta sauti ya mtu, hubaki na wa kumwomba radhi. Kabla hujawaunganisha watu katika njia moja, msikilize kila mmoja peke yake, kisha waulize wenyewe nani apite wapi, kwa maana wanajua. Usiamini macho pale panapohitaji masikio. Na siku utakapoagizwa ulinganishe wote mpaka mmoja wao apotee, kataa. Kataa kwa heshima, kwa sababu ulizoziandika, lakini kataa, hata kama itakugharimu mwaka.

Mungu akupe masikio yenye subira na ulimi usiotetemeka; na ukitetemeka, akuwezeshe kusema hivyohivyo.