Nilivyokwenda Durban Kumpeleleza Mchumba wa Neema

Nilikwenda Durban kumpeleleza mwanamume. Nalisema mapema ili msomaji asidhani nilikwenda kuogelea. Neema, binti wa dada yangu Perusi, anafanya kazi saluni katika mtaa wa Umbilo, na mwaka huu alileta habari kwamba amepata mchumba, Mkongo wa upande wa Uvira, jina lake Dieudonné. Kwetu Kigoma posa haijibiwi hivi hivi. Lazima atumwe mtu akaulizie: ukoo gani, mama nani, kwao wanaishi vipi na majirani. Baba yake Neema ni marehemu, kwa hiyo kazi ikaniangukia mimi mjomba. Dada akanipa kauli moja tu: "Kaka, ukirudi ukasema hapana, basi ni hapana. Sitamwoza mwanangu gizani."

Kazi yenyewe ilinifaa. Nilifundisha historia sekondari mpaka nikastaafu, na kushuku ni tabia yangu tangu utotoni. Mke wangu husema hata chumvi naionja mara mbili.

Kabla sijatoka Kigoma jambo la kwanza la kutilia shaka likajileta lenyewe. Kijana alipiga simu akitaka kunikatia tiketi ya ndege. Nikakataa. Anayekulipia nauli ameshakupeleka upande wake kabla hujafika. Nikapanda treni hadi Dar es Salaam, na kutoka hapo basi la kwenda kusini.

Tunduma tulikaa mpakani hadi miguu ikavimba. Jirani yangu kwenye kiti alikuwa mama mfanyabiashara wa vitenge anayeijua Afrika Kusini yote. Nilipomtajia safari yangu akacheka. "Wakongo wa Durban? Watu wazuri, ila kila mmoja wao ni mchungaji au wakili. Muulize cheti." Nikaliweka neno hilo moyoni, nikavuka nalo Zambia, Zimbabwe, hadi Johannesburg, ambako nilibadilisha basi.

Durban nilifika asubuhi, joto la bahari likiwa limeshaamka. Neema alikuwa kituoni, na pembeni yake kijana mrefu, mwembamba, ndevu zimezunguka kidevu lakini juu ya mdomo amenyoa. Akanipa mkono wa kulia huku wa kushoto ameushikia kwenye kiwiko.

"Jambo, Tonton. Karibu sana. Safari ilikuwa muzuri?"

Nilingoja shikamoo. Haikuja. Neema akaninong'oneza, "Mjomba, wao hawana shikamoo. Tonton ndiyo mjomba, kwa heshima."

"Nimekuuliza?" nikamwambia.

Tukapanda taxi, tukashuka kwenye robot, ndivyo wanavyoziita taa za barabarani, tukatembea Umbilo tukiwa na mabegi. Kila baada ya maduka mawili mtu alimpungia Dieudonné mkono: "Maître! Habari, Maître!" Kifaransa changu ni kidogo, lakini Maître nalijua. Hivyo huitwa wakili. Nikakumbuka mama wa vitenge.

"Wewe ni wakili?" nikamuuliza.

"Hapana, Tonton. Minatafsiri. Mukimbizi anaongea Kiswahili, mimi naambia wakili kwa Kiingereza."

"Mbona wanakuita wakili?"

"Batu banapenda tu."

"Na wewe hukatai."

Akatabasamu, akahamishia begi mkono mwingine.

Mchana huohuo, nyumbani kwake, Neema alitupikia sombe, kisamvu cha Kikongo, na samaki, nami nikaanza kazi iliyonileta. Kuuliza si ujinga. Mama yake je?

"Alikufaka nikiwa mutoto wa miaka tisa. Ng'ombe ilikula majani ya sumu kule porini, mama akakunywa maziwa yake."

Neema akainamisha kichwa. Niliona wazi kwamba habari hii anaijua na inamuuma. Mimi nimekulia kwenye ng'ombe, na maziwa ya kuua mtu sikuwahi kuyasikia. Nikauliza kama ng'ombe mwenyewe alikufa. Akasema alitetemeka tu. Jibu lilikuwa tayari mno.

Akaendelea bila kusukumwa. Baba alioa tena, na mama wa kambo akawa mwema kuliko walivyotarajia. Baba alimtia shoka mkononi, apasue magogo ya uzio. Shule aliipata kwa vipande, vitabu kwa kuazima. Kimoja kililowa mvua, akamlimia mwenye kitabu ili kukilipia. Alifungua duka na mwenzake, duka likafa. Na siku moja, alipokuwa na miaka kumi, farasi alimpiga teke la kichwa akazimia.

"Farasi?" Nikaweka tonge chini. "Watu wa Uvira wanakuja sokoni kwetu miaka yote. Wametusimulia mamba, viboko na vita. Farasi sijamsikia."

"Ilikuwa ya masista," akasema.

"Mjomba, kula," akasema Neema.

Nikala, lakini moyo ulikataa kushiba. Halafu kulikuwa na kitu kingine kilichonikera: maisha ya kijana huyu nilikuwa nimeshayasikia mahali fulani, sikukumbuka wapi.

Siku iliyofuata nilishinda saluni nikimchunguza. Akaingia mzee mmoja Mkongo, anaburuta miguu, amegombana na mwenye nyumba. Dieudonné akamsikiliza, akachukua simu na kuzungumza kwa Kiingereza kwa niaba yake. Kwa masikio yangu nilimsikia akisema: mimi ni mzee, magoti yangu ni mabovu, mke wangu alibaki kaburini Bukavu, na ngazi za ghorofa ya tatu zitaniua. Sauti yake ilitetemeka hasa mahali pa mke. Mzee mwenyewe aliketi kama aliyekuja na jirani.

Nikamvuta Neema kando. "Umemsikia? Anadanganya bila kupepesa jicho!"

"Siyo uongo, Mjomba. Mtafsiri haongezi 'anasema'. Mtu akisema mimi, na yeye anasema mimi. Ndivyo kazi yao ilivyo."

"Na jioni akitoka kazini, huwa anaacha?"

Neema alirudi kwa mteja wake akasuka kwa nguvu hadi mteja akalalamika.

Jumapili tulikwenda kanisani kwao, ukumbi mmoja hapohapo Umbilo, wenye gitaa nyingi na watu waliovaa kunizidi. Jumuiya yao ilikuwa inakaribia kumchagua mwenyekiti, na Dieudonné alikuwa miongoni mwa wagombea, baada ya kushindwa mara mbili. Mchungaji akawataka watu wasikate tamaa, akaanza hadithi.

"Bandugu, kulikuwaka mutoto mumoja kule Amerika. Alizaliwaka mu kibanda ya magogo. Mama yake alikufaka na maziwa, ng'ombe ilikula majani ya sumu."

Nikageuka. Dieudonné alikuwa anaangalia viatu vyake.

Mchungaji akashuka na hadithi yote. Mama wa kambo. Shoka. Kitabu kilicholowa. Duka lililokufa. Teke la farasi halikuachwa. Kijana akajifundisha sheria mwenyewe kwa vitabu vya kuazima, akawa wakili wa kusafiri na jaji kutoka mahakama ya mji hadi mji, mwenye kusifika kwa ukweli. Akaingia bungeni kwa muhula mmoja. Akagombea useneta akashindwa, akarudia akashindwa tena. Akafuga ndevu za kidevu kwa ushauri wa mtoto wa kike. Akawa rais wakati nchi inapasuka kwa sababu ya utumwa, akaiongoza vitani, akatangaza uhuru wa watumwa, akapigwa risasi akitazama mchezo wa kuigiza. Ukumbi ukapiga makofi. Mimi nilikuwa natazama ndevu za jirani yangu.

Hiyo historia nilipaswa kuijua. Darasani tuliipitia haraka, tukaanzia kwenye vita na utumwa tukamalizia kwenye risasi. Ya utotoni hayakuwa kwenye mtihani, kwa hiyo hayakukaa. Nilikasirika kwa ajili ya dada yangu na kwa ajili ya marehemu Mmarekani. Huyu kijana kaiba maisha, na kati ya watu wote kamwibia aliyeitwa mkweli!

Baada ya ibada nikawaambia nataka kuongea mahali pasipo na gitaa. Dieudonné mwenyewe akachagua Bluff, lile pande la nchi lililoinuka kando ya bandari. Hapo waliwahi kukaa watumwa waliokombolewa na kuletwa Durban karne ile ile ya wakili yule. Wengi wao walikuwa Wamakua, lakini walipofika wakaitwa Wazanzibari, na vitukuu vyao ni Wazanzibari hadi leo. Nililijua hilo, ila siku hiyo sikuwa na moyo wa kufundisha.

Tuliketi watatu kwenye majani, meli zinangoja zamu chini yetu. Nikasema, "Njia ya mwongo ni fupi. Ya kwako imeishia kanisani. Mama yako ni nani?"

"Sijui, Tonton."

"Jina lake?"

"Sijui."

"Kabila?"

"Sijui. Kibembe minasikia, Kifuliiru minasikia, zote nilijifunzia kwa masista. Walinikuta kwa barabara ya kwenda Baraka wakati batu banakimbia vita. Jina walinipa masista, na siku ya kuzaliwa." Alisema akitazama meli. "Mwalimu wetu kule alikuwa na hadithi moja tu yenye alijua muzuri, ya ule wakili. Kila mara tunamuambia, rudilia. Tukagawana. Kila mutoto alichagua kipande yake. Wengine walikamata vita. Wengine walikamata urais. Mimi nilikamata mama."

"Kwa nini mama?"

"Sababu kwa bamama bote, ni yeye tu nilisikia namna alikufaka. Vile vingine vilikuja nyuma, Tonton. Ukiwa na mama, batu banauliza baba. Ukiwa na baba, banauliza alikufundisha kazi gani."

Nilikuwa nimemsahau Neema. Aliinuka, macho yamejaa. "Nilimlilia mama yako," akasema. "Saluni, mbele ya wateja. Kumbe nililia mama wa Mzungu!"

"Najua, chérie."

"Hujui! Ungeniambia huna, ningelia hivyohivyo."

Akatuacha, akashuka peke yake hadi kituo cha taxi. Dieudonné hakumfuata. Akabaki ameshikilia majani, kama anayengoja mtu amwambie sasa aseme "mimi" gani.

Na mimi je, nilimwamini? Siyo mara moja. Mtu huyu kila siku husikiliza habari za yatima na kuzitamka kwa kinywa chake. Hata hii ya Baraka angeweza kuipata ofisini. Lakini nimesahihisha mitihani maisha yangu yote, na mwanafunzi anayenakili namjua. Haachi nafasi tupu. Alipokuwa na maisha ya Mmarekani alinijibu kila swali, hadi la farasi. Pale Bluff nilimuuliza zaidi ya yale niliyoandika hapa, nikarudia nikiyageuza, na mengi aliyajibu kwa neno moja lilelile, bila kulipamba.

Siku ya kuondoka Neema alinisindikiza peke yake. Uso ulikuwa umevimba, lakini sauti imetulia.

"Bado unamtaka?" nikamuuliza.

"Namtaka. Ila Mjomba, kamwambie mama yote. Usimfichie hata farasi."

Njia nzima ya kurudi nilikuwa na hofu ya dada yangu kuliko ya mpaka wowote. Nilipofika Kigoma nilimsimulia kama nilivyowasimulia ninyi. Alisikiliza mikono imekunjwa.

"Mama yake nani?"

"Hajui."

"Ukoo?"

"Hajui."

"Sasa kaka, nauli yote hiyo ulikwenda kufanya nini?"

"Kupata hilo 'hajui'. Mwanzoni alikuwa anajua kila kitu."

Akatikisa kichwa. "Hata nikikubali, posa italetwa na nani? Mtu hajiposei. Wazee wake wako wapi?"

Nilikuwa nimelifikiria swali hilo tangu Tunduma. "Mimi," nikasema.

Hakusema ndiyo wala hapana. Alisema tu, "Njooni, tuwasikie."

Mwenye kushuku hapendezwi na hadithi nzuri, na bado nikimpigia simu Dieudonné namuuliza maswali ya mtego. Yule farasi sijamsamehe. Nimekwenda pia kusoma habari za Mmarekani, zile tulizoziruka darasani, na nimekuta kwamba mwenyewe hakupenda kuulizwa habari za utoto wake. Nilifundisha historia miaka mingi bila kufikiri kwamba yuko mtu anayeihitaji kwa namna ile.

Siku ya posa nilibisha hodi kwenye nyumba ya dada yangu kama mtu asiyeijua. Nilikuwa nimechukua wazee wawili kutoka kwaya yetu, tukaketi upande wa wageni, Dieudonné akisikiliza kwenye simu niliyoiweka mkekani. Katika ukoo wetu chai ya posa haiandaliwi mpaka neno la wageni limekubalika, na jiko la dada lilikuwa baridi. Akanitazama kana kwamba hatukunyonya ziwa moja.

"Wageni, karibuni. Tumesikia mnamtaka binti yetu. Na sisi tunauliza: huyo kijana wenu, mama yake ni nani?"

"Hatumjui," nikasema. "Ndiyo maana tumekuja kumwombea mama hapa."

Dada aliitazama simu pale mkekani, kisha akageuka kuelekea jikoni akaagiza maji ya chai yabandikwe.