Keke ya Betri na Kabati la Mvule

Niliishika mara moja tu pale gulioni Ihanda, nikajua kwamba haifai. Ilikuwa nyepesi mno. Ilikuwa ya plastiki ya kijani iliyopauka, maandishi yake yamefutika nusu, na ukiitikisa unasikia kitu kinacheza ndani. Muuzaji, kijana ambaye kila wiki alikuwa na bidhaa za ng'ambo ya mpaka, aliiita drili. Mume wangu aliiita keke ya betri, na jina hilo ndilo lililobaki nyumbani kwetu.

Ilikuwa miaka ya tisini mwanzoni, na mume wangu, aliyekuwa seremala, alikuwa mgonjwa wa kifua. Daktari wa hospitali ya Nyakahanga alimwambia mapafu yamechoka, na kwamba vumbi la mbao la miaka yote ile halikumsaidia. Majirani walikuwa na ugonjwa wao mwingine waliompa, ule uliokuwa unamaliza watu kila kijiji, nao walinong'ona nikipita kwenda kisimani. Mimi bado nipo, nimezeeka, naandika haya. Basi walipoteza pumzi zao bure.

Lazima nieleze kazi ya keke, la sivyo hamtaelewa kwa nini mtu mwenye akili zake alitaka kununua takataka ile. Keke ya mkono ni chuma kilichopinda, juu yake kuna kifundo cha mbao. Unaegemeza kifua kwenye kifundo hicho, unakandamiza kwa uzito wako, huku mkono unazungusha mpaka ncha itokee upande wa pili. Mume wangu alikuwa ameegemeza kifua chake pale tangu ujana, na sasa kifua ndicho kilichokuwa kinauma. Akikandamiza kidogo tu, kikohozi kinamshika mpaka anachuchumaa.

Angeweza kutumia misumari kama mafundi wengine. Alikataa. Zamani, wakati watoto wetu wangali wadogo, alitengeneza jeneza la mtoto wa jirani, akalifunga kwa misumari mbele ya mama yake, kama ilivyokuwa desturi. Kila nyundo ilipogonga, yule mama alishtuka mwili mzima, na ulipofika msumari wa mwisho alikuwa hashtuki tena, ametulia tu akitazama ukuta. Mume wangu alirudi nyumbani hakula. Tangu siku hiyo majeneza yake yote alitoboa kwanza kwa keke, akapaka skrubu sabuni, akazikaza kwa bisibisi polepole. Unaweza kusimama mlangoni usijue kwamba kuna mtu anafungiwa ndani. Watu walimfuata kwa ajili hiyo kutoka hata Songambele, na miaka ile walikuwa wengi.

Kuna jambo jingine. Kwetu hakuna fundi anayetengeneza jeneza kabla mtu hajafa. Kulitengeneza mapema ni kumwita mtu aende. Mbao unaweza kuwa nazo, na nyumba nyingi zilikuwa nazo, zimepangwa kwenye dari ya jikoni juu ya moto, moshi uzikaushe na wadudu wasiziguse. Lakini msumeno hauzigusi mpaka kilio kisikike. Ndiyo maana kazi yote ilifanywa siku ileile, waombolezaji wamekaa kwenye majani ya mgomba wanasubiri, na fundi hana ruhusa ya kuchoka.

Yeye alichoka. Tulikuwa tumefiwa na jirani, bibi mmoja mkarimu sana, na mume wangu alikuwa amefika katikati ya kazi aliposhikwa na kikohozi, akakaa chini kwenye maranda, damu kwenye leso. Msaidizi aliyekuwa naye zamani tulikwisha kumzika. Watu walisubiri, wakatazamana, halafu mdogo wake mume wangu, shemeji yangu, akachukua nyundo. Shemeji ni fundi wa mapaa na hajui kingine zaidi ya msumari. Aligonga kwa nguvu zake zote, maana alitaka kusaidia, na kila pigo lilisikika mpaka huku kwetu kibanjani, kwenye migomba. Mume wangu alikaa palepale chini akisikiliza.

Jioni ile aliniuliza, "Siku yangu ikifika, mimi atanifunga nani?"

Nilimgombeza. Nilimwambia asilete maneno hayo mbele ya chakula, anywe uji wake alale. Lakini niliogopa, na nilijua anachokiogopa yeye. Hakuogopa kufa kama alivyoogopa ile nyundo.

Basi gulioni pale aliposimama mbele ya ile plastiki ya kijani, niliona macho yake nikajua mambo yameharibika. Yule kijana alitusalimia shikamoo mzee, shikamoo mama, tukaitikia, kisha akachukua kipande cha mbao akakitoboa mbele yetu. Ncha iliingia mara moja, ikatoka upande wa pili. Mume wangu alitabasamu, jambo ambalo sikuwa nimeliona kwa muda mrefu. Mimi nikainama nikakinusa kile kipande. Kilikuwa mkaratusi mbichi, umekatwa juzi, bado unanuka dawa ya mafua.

"Mbao yako inatoa maji," nilimwambia kijana. "Hata kijiko kingeitoboa hiyo."

Alicheka, akasema mama ana maneno. Sikuwa na utani. Nilimweleza mume wangu hapohapo, kwa Kinyambo ili kijana asifuate vizuri, kwamba hatuna umeme, kwamba betri yake ikifa hakuna duka Karagwe nzima litakalokuwa na nyingine, na kwamba kitu kinachocheza ndani kabla hujakinunua kitacheza zaidi ukishakinunua. Alinisikiliza kwa heshima zote. Kisha akamgeukia kijana akamuuliza ikipata moto inachukua muda gani kupoa. Niliona ni swali la kijinga. Tukarudi nayo nyumbani, imefungwa kwenye kanga yangu, nyuma ya baiskeli.

Kesho yake alishusha ubao mmoja kutoka darini. Hizi zilikuwa mbao zake mwenyewe, mvule, alizozipata mwaka wa vita na kuzipandisha juu ya moshi, na zilikaa huko mpaka zikawa nyeusi na ngumu kama jiwe la kusagia. Akaweka ncha, akabonyeza. Ile keke ya betri ilinguruma, ikalia, ikatoa harufu ya waya unaoungua, ikasimama. Tundu halikufika hata nusu. Nilikuwa nimesimama na ungo wa maharage, na nakiri nilisikia raha kidogo, ile raha mbaya ya kusema nilikwambia. Mtu mzima, seremala wa kusifika, amejaribishiwa chombo kwa mti mbichi akakubali. Nilimwambia airudishe.

Hakuirudisha. Siku nzima alikaa nayo kama anayefuga mnyama mkaidi. Aligundua kwamba ukichoma kwanza mahali pa tundu kwa msumari wa moto, ukaanza na ncha nyembamba, ukaiacha ipoe, ukarudia, tundu linapatikana. Unatoboa moja, kisha mnapumzika, wewe na keke yako. Kwa chaji moja ilitoa matundu machache, halafu ikawa inazunguka kivivu kama mlevi wa lubisi anayetafuta mlango wa kwao.

Chaji yenyewe ilikuwa safari. Binamu yangu alikuwa muuguzi Nyakahanga, na siku mume wangu alipokwenda kliniki, binamu aliichomeka betri jenereta lilipowashwa. Walikwenda pamoja, mgonjwa na betri yake, na walirudi pamoja kesho yake. Betri ilirudi ina nguvu. Yeye alirudi na vidonge.

"Inatoboa matundu machache hivyo," nilimwambia. "Kazi ya watu utaifanyaje?"

"Kazi ya watu basi," alisema. "Nina kazi moja. Kwa hiyo inatosha."

Nikauliza ni kazi gani. Akasema atanitengenezea kabati la vyombo.

Sasa mjue, kabati hilo nililiomba tangu mwaka wa kwanza wa ndoa. Nilikuwa mke wa seremala ambaye vyombo vyake vilikaa kwenye tenga, na wageni waliponiuliza nilikuwa nacheka huku naumia. Ametengeneza makabati ya walimu, ya karani wa chama cha kahawa, ya padri. Mimi, kesho. Aliposema vile hasira yangu yote juu ya ile keke iliyeyuka. Nilifurahi, nisidanganye, nilifurahi nikasahau kuuliza kwa nini mgonjwa atumie nguvu zake za mwisho kwa sahani zangu.

Aliifanya kazi ile kwa miezi. Anakata kidogo, analala. Anapiga randa kidogo, anakaa juani. Betri ikiisha anangoja siku ya kliniki. Kabati lilipoanza kuonekana nililicheka, maana lilikuwa refu na jembamba, na mimi nilitaka pana. Nikasema hili ni kabati la vyombo vya twiga. Alisema mbao ndivyo zilivyoruhusu. Rafu zilikaa juu ya vijiti, hazikukazwa, ukiinua zinatoka. Akasema ni ili nizioshe. Mlango wake ulikuwa ubao mzima wa mbele, umeshikwa kwa bawaba ndogo, na kuzunguka ukingo wote alitoboa matundu. Hayo ndiyo yaliyokula betri. Nilimuuliza ya nini, akasema ni ya hewa, chakula kisichache. Nilimwamini, maana harufu ya chakula kilichochacha ilikuwa adui yangu.

Siku alipomaliza tundu la mwisho ile keke ilitoa moshi ikafa. Binamu yangu alijaribu kuichaji tena, haikushika. Mume wangu aliipangusa, akaitundika kwenye msumari ukutani. Kisha akaweka kwenye rafu ya juu kopo dogo lililofungwa kitambaa, akanisihi nisiligawe wala watoto wasilichezee. Ni skrubu za kabati, alisema. Mimi nikapanga vyombo vyangu, sahani za bati chini, vikombe vya kaure juu, nikafunga mlango, nikafungua tena kwa raha ya kufungua. Alikuwa amekaa kwenye kigoda ananitazama. Nilimwambia ahsante. Sikumwambia mara nyingi katika maisha yetu, na nafurahi kwamba ile niliisema.

Alikufa mvua za masika zilipokaribia kuisha, asubuhi, nikiwa nampa maji. Sitaeleza zaidi hapo.

Watu walikuja. Shemeji alifika kutoka Songambele kwa baiskeli, msumeno nyuma, na mfuko wa misumari unalia kiunoni kila anapotembea. Niliisikia ile misumari. Nilitaka kumwambia aiache, lakini ningesema nini? Hakukuwa na mtu mwingine, keke ya mkono hakuijua, na jua lilikuwa linapanda. Alinisalimia kwa majonzi, akapanda ngazi ya jikoni kushusha mbao. Alikaa juu kwa muda. Aliposhuka alikuwa na masizi usoni.

"Shemeji, mbao za kaka ziko wapi? Darini hakuna kitu."

Nilimwambia ametengenezea kabati. Nikamwonyesha, limesimama pale sebuleni. Alilitazama. Alilipima kwa macho kutoka juu hadi chini, kisha kwa shubiri zake, upana wa mabegani. Akafungua mlango, akapapasa yale matundu ya hewa kwa kidole, moja baada ya jingine, kuzunguka ukingo wote. Akanyoosha mkono rafu ya juu, akafungua kitambaa. Ndani ya kopo kulikuwa na skrubu, zimepakwa sabuni tayari, na bisibisi ya marehemu yenye mpini uliolika kwa kiganja chake.

Wazee wawili waliokuwa mlangoni walitazama chini, maana walijua kama nilivyojua mimi kwamba mtu hajitengenezei jeneza. Lakini lilikuwa kabati. Lilikuwa limebeba vyombo mbele ya macho ya kijiji kizima, nani angesema lilikuwa kitu kingine?

Mimi nilikasirika. Nilimkasirikia maiti, mnielewe hivyo hivyo. Miaka yote ile nimengoja kabati, nimelipata, nimelifurahia kwa majuma machache, kumbe nilikuwa namtunzia tu. Kisha nikaikumbuka ile jioni na swali aliloniuliza, na jinsi nilivyomjibu kwa uji.

"Ngojeni," nikasema. "Nitoe vyombo vyangu kwanza."

Walitaka kunisaidia nikakataa. Nilitoa vikombe, nikatoa sahani, nikainua rafu moja moja, zikatoka kirahisi kama alivyoahidi. Wakalilaza kabati chali. Lilimtosha. Shemeji aliacha mfuko wa misumari nje ya mlango bila kuambiwa, akapiga magoti, akakaza skrubu kwa mkono, taratibu. Kila moja iliingia kwenye tundu lake bila kukwama. Nilisimama karibu kabisa na sikusikia kitu isipokuwa watu wakipumua.

Ile keke bado iko ukutani kwangu. Ukiniuliza kama ilifaa kununuliwa nitakwambia haikufaa, nilisema tangu gulioni na sijabadilisha neno. Vyombo vyangu vimo kwenye tenga.