Posa ya Kasuku Aliyeitwa Akida

Tulimzika bibi yetu Yosefina hapa Katindiuka katika juma la pili la Kwaresima, na padre alimsifu kwa uaminifu wake wa kusali rozari. Alistahili sifa hiyo. Lakini matangani kila aliyemfahamu alitaka kusimuliwa habari za kasuku wake, na mimi niliyezisikia mara nyingi kutoka kinywani mwake nimeona niziandike. Kulia nimelia. Naamini yeye angependa sasa tucheke kidogo.

Ilikuwa baada ya vita vya Maji Maji. Askari wa Mjerumani walikuwa wamechoma maghala na mashamba, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Yosefina na mumewe Wendelin, vijana waliobatizwa Mahenge na kufunga ndoa katikati ya shida hiyo, waliteremka bondeni na mbegu ya mpunga iliyojaa kibuyu. Waliipanda yote. Wakajenga dungu, kibanda juu ya nguzo katikati ya shamba, wakahamia humo kuamia ndege, kuwafukuza wasile mpunga. Mpunga ule ulikuwa chakula chao na mbegu yao ya mwaka uliofuata; chiriku wakiumaliza, hawakuwa na kingine. Na Yosefina alikuwa mjamzito.

Msaidizi wao mkubwa alikuwa kasuku. Wendelin alimwokota akiwa kinda kwenye mti aliouangusha, ndege mdogo wa kijani mwenye kichwa cha kahawia. Kutwa kasuku huyo alimsikia Yosefina akiwafokea chiriku, "Haya, tokeni! Kwenu hakuna shamba?" naye akajifunza kusema hivyo hivyo, kwa sauti ya kukwaruza, kali kuliko ya mwalimu wake. Wakamwita Akida, kama wale wasimamizi wa Mjerumani vijijini, kwa sababu alishinda kivulini akifoka, kisha akala mpunga ambao hakuulima. Mgeni akipita, jina hilo walilitamka kwa sauti ya chini.

Mpunga ulipoanza kutia maziwa, Akida naye alianza kujinyonyoa manyoya ya kifuani.

"Ana upweke," alisema Wendelin. "Tumtafutie mwenzake. Mmoja akae upande huu, mwingine kule mtoni. Wewe ukijifungua, nitakuwa na maakida wawili wa kuniamia."

"Na watakula kwa wawili."

"Watakula kidogo kuliko chiriku."

"Wakipigana?"

"Mbona sisi hatupigani?"

"Kwa sababu mimi navumilia," alisema Yosefina.

Pale Ifakara palikuwa na mfanyabiashara aliyetoka pwani, jina lake Mtoro, ambaye alikuwa na kasuku jike dukani. Yosefina alikwenda mwenyewe. Hakwenda kama mtu anayenunua. Alikwenda kama mtu anayeposa. Alikaa mkekani, akapokea maji, akaulizia afya ya watu wa nyumbani, ndipo akaanza.

"Binti huyu kazaliwa wapi?"

"Nasikia ni Chita."

"Kalelewa na nani?"

"Mwindaji mmoja. Mama, mimi nauza chumvi na kaniki. Huyu ndege nilipewa tu, ukoo wake siujui."

"Kwetu hatuoi pasipojulikana ukoo."

"Basi sema katoka bomani Mahenge. Nani atabisha?"

Yosefina alimkunjua mabawa, akampuliza kifuani kuona kama ngozi ina upele, akachungulia kinyesi chake. Akauliza kama anasema.

"Hasemi hata neno," alijibu Mtoro. "Mwambie bwana harusi kuwa huo ndio uzuri wake."

Walikubaliana kwamba mahari itakuwa wali wa mpunga mpya, Mtoro aje ale ashibe. Yosefina akaongeza sharti lake mwenyewe: bibi harusi akae kwanza mbali, kwenye tundu lake, wasije wakaumana au kuambukizana maradhi. Wendelin akalitundika tundu kwenye mti, mwisho wa shamba, kule mtoni.

Asubuhi yake Akida alimsikia. Hakufoka tena. Alipiga mluzi, yule wa mtoni akajibu, naye akapiga mwingine mrefu zaidi. Waliitana hivyo juu ya shamba zima, mpaka kundi la kasuku wa porini lililokuwa kwenye miti ya ng'ambo likadhani linakaribishwa. Lilishuka lote kwenye mpunga.

Yosefina alirusha mabonge ya udongo kwa kombeo, tumbo limetangulia mbele. Wendelin alikimbia huku na huku akipiga makofi. Akida aliendelea kupiga miluzi kwa furaha. Jirani yao Theodosia, mama mtu mzima, alitoka kwenye dungu lake akitikisa kibuyu cha kokoto, na wote watatu walihangaika hadi kundi likaondoka. Ukingo wa kule mtoni ulikuwa umebaki mabua.

"Mmeita wageni wa harusi bila kutuambia majirani," alisema Theodosia akihema. "Halafu, mwanangu, nani anaoa mpunga ukiwa shambani?"

Yosefina alikaa chini palepale. Alijua. Bonde zima lilijua kwamba harusi ni baada ya mavuno, kwa maana wageni hawangoji chakula kiive. Alikuwa amefuata desturi zote za posa, akasahau hiyo.

"Watazoeana tu," alisema Wendelin.

"Wakishazoeana tutakula nini?"

Siku hiyohiyo tundu lilirudi dukani.

"Amekataliwa?" aliuliza Mtoro.

"Hajakataliwa. Amechumbiwa. Nitamfuata tukishavuna."

"Na huyo mume akiendelea kujinyonyoa?"

"Atavumilia, kama wachumba wengine."

Akida alinuna kwa siku kadhaa, kisha akarudia kufoka. Mama yangu Aurelia alizaliwa mle dunguni, mikononi mwa Theodosia, na Akida aliwafukuza chiriku wakati Yosefina amelala na mtoto. Mpunga ulivunwa, mbegu ikapatikana, na chakula kikabaki. Mtoro alikuja akala wali wake.

Hapo Wendelin akasita. "Akipata mwenzake hatasema tena na watu," alisema. "Umeona mwenyewe. Mwaka ujao nani ataamia?"

Yosefina alikuwa ananyonyesha. "Tukimzuia asioe kwa sababu anatufanyia kazi," alisema, "tutakuwa tunafanana na nani?"

Wendelin aliwajua wa kufanana nao; alikuwa amebeba mizigo ya Mjerumani na maakida wake hadi Mahenge bila kuulizwa kama anataka. Akaenda kulichukua tundu.

Kasuku wale waliwekwa jirani, kisha pamoja. Manyoya ya Akida yaliota tena kifuani, na hakutamka neno la kibinadamu hadi alipokufa. Msimu uliofuata Yosefina aliamia mwenyewe, mama yangu mgongoni, akizunguka shamba na kufoka tangu alfajiri. Wendelin alimwuliza kama hajutii.

"Sauti yangu ninayo," alimjibu, akaokota bonge jingine la udongo.