Sauti ya Khole, Sura ya Masouda

"Asali! Eti alikuwa akilamba asali kabla ya kuimba," Bi Khole alimwambia binti yake Rawya, akamrudishia simu kama mtu anayerudisha samaki aliyeoza. "Masouda hajalamba asali wala hajaimba. Sauti ile yangu mie. Yeye katoa sura tu."

Rawya alikuwa akitafuta funguo za gari na kazini ameshachelewa. Kwenye simu mlikuwa na picha ya Bi Masouda, binti wa mama mdogo wa Khole, kakumbatia santuri ya zamani kifuani kama mtu aliyepewa cheti, na chini yake sauti yake ya kurikodiwa, akisimulia alivyokuwa akilitunza koo lake enzi hizo. Picha ilikuwa imeshazunguka makundi yote ya familia, kutoka Khuwair, hapa Muscat, mpaka Mombasa. Na Jumamosi alasiri kaalikwa Matrah kwa Noof, rafiki wa Rawya wa kazini, wanawake wakae wamsikilize.

Rawya akasema mama yake amwonee huruma mwenziwe, mume kamfia mwaka jana tu. Halafu akauliza la kuuliza: yeye ana miaka arubaini na mbili, mbona hajapata kulisikia neno hili hata siku moja?

Khole akaanza kueleza tangu Mombasa. Na Rawya, kwa pupa ya mtu aliyechelewa, akasema, "Basi imba kidogo, mama, nikusikie."

Neno lilipomtoka akalijutia papo hapo. Khole alikatwa tezi la shingo miaka kumi na mitano nyuma. Operesheni ilimwacha na uhai wake na sauti ya kukwaruza, kama kiti kinachoburutwa sakafuni. Aimbe nini? Ushahidi wake wote ulikatwa siku ile ile pamoja na tezi. Aliyebaki kujua ukweli ni mmoja tu duniani, naye ndiye huyo mlamba asali.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Mwaka 1969 Khole alikuwa msichana wa miaka kumi na saba, Mombasa, ambako jamaa zake walikwenda walipotoka Unguja. Tajiri mmoja muuza vitambaa alisikia kwamba huko Ulaya bendi za vijana sasa zinaundwa kama biskuti, unachagua unga na sukari ukatia kwenye tanuri, naye akataka yake. Akaiita Peremende Nne. Vijana watatu wa Kigoa aliwachagua kwa nywele zao. Gitaa hawakujua linashikwa upande gani. Waliopiga hasa ni wazee wa harusini, walioambiwa waweke chini udi na fidla wakapewa vyombo vya umeme na kinanda kinacholia kama mtu mwenye homa anayeota. Nyimbo zenyewe za kitoto: wimbo wa peremende, wimbo wa chingamu, wimbo wa mwezi wa rangi ya waridi.

Ikabaki mwimbaji. Sauti alikuwa nayo Khole, lakini baba yake alikuwa karani wa kadhi. Picha ya mtoto wake kwenye jalada la santuri ingemtoa mzee yule mjini. Masouda hakuwa na baba, mama yake hakuwa na neno, na macho alijaaliwa. Ila akiimba, hata kuku waliacha kula. Basi Khole akawa anaaga kwenda kujifunza kushona, anaimba nyuma ya pazia dukani kwa tajiri, na buibui lake mwilini. Masouda akavaa gauni la maua makubwa na miwani ya duara, akapigwa picha katikati ya maandishi yanayoyeyuka kama barafu. Jalada halikuandikwa jina la mtu yeyote.

"Baba yako akishafariki, ntawaambia watu mwenyewe," Masouda alimwahidi. "Sauti ni yako."

Mzee alifariki mwaka 1988, hapa hapa Muscat. Matanga yakaondoshwa, mwaka ukapita, Masouda kimya. Khole hakudai. Santuri ilikuwa imeshasahauliwa, na yeye alikuwa na kazi yake, opereta wa simu wizarani, miaka ishirini na minane. Watu wazima waliomjua kwa sauti walipishana naye sokoni wasimtambue, naye akicheka peke yake. Sasa santuri imefufuka, vijana wameipenda, na imeshapata mwenyewe, siye yeye.

Jumamosi alivaa abaya lake zuri akaenda. Rawya alimbembeleza njia nzima asiseme kitu. Waliacha gari mbali, wakapanda kwa miguu vichochoro vya Matrah mpaka kwa Noof, ambako Masouda alikuwa ameshakaa juu ya mito mitatu, halua mbele yake, akijibu maswali kama mfalme.

Noof akaweka sindano. Ikatoka sauti ya msichana wa miaka kumi na saba, safi, haina woga wowote. Kila mtu chumbani alimtazama Masouda.

Kwenye wimbo wa mwezi Noof akanyoosha kidole. Hapa, akasema, ndipo anapopapenda kuliko pote: mwimbaji anakatika katikati ya mstari, kinanda kinaning'inia kwenye noti moja, halafu anarudi. Watu wa nje wanaandika kurasa na kurasa juu ya kimya hiki. Walikitoa wapi?

Masouda akasema ulikuwa mtindo wa London.

"Ilikuwa adhana," Khole alisema.

Wote wakageuka kuitafuta sauti ile mbovu imetokea wapi.

"Msikiti ulikuwa nyuma ya duka. Ikaadhiniwa alasiri katikati ya mstari, na mtoto wa nyumba yetu haimbi juu ya adhana. Mpiga kinanda hakutaka utepe uharibike, akaishikilia noti yake. Tajiri baadaye akaukata utepe kwa mkasi kukipunguza kimya."

Noof akarudisha sindano. Wakainama wote, na kweli, chini ya kinanda, mbali, alikuwepo muadhini. Noof akamgeukia Masouda, machozi yanamlengalenga.

Masouda akaweka mkono kifuani. "Ee, kweli. Adhana. Nlinyamaza. Nlikuwa nshasahau."

Wanawake wakasema mashaallah.

Khole akainuka, akaaga kila mtu kwa mkono kama alivyolelewa, akashuka. Rawya nyuma yake. Walikuwa chini wanavaa viatu Masouda alipowafikia, anahema.

"Khole, usende hivyo."

"Ulichukua sauti yangu nkavumilia. Leo umechukua na kimya changu."

Masouda akaegemea ukuta. Akaeleza kwamba Khattab, mumewe, alinunua santuri ile kabla hajamwona yeye, na akaja kuposa kwa sababu yake. Usiku wa kwanza alimwomba aimbe. Masouda akamwambia ametubu, hawezi. Basi miaka arubaini na sita yule bwana kila mgeni akimhadithia kwamba mkewe kaacha kipaji chake kwa ajili ya Mungu. Kafa akilisema hilo. Wanawe wanalisema mpaka leo.

"Niwaambie nini, Khole? Kwamba baba yao kadanganywa mpaka kaburini?"

"Na mie? Mtoto wangu wa kumzaa hanisadiki."

Hilo lilikuwa halijampitia Masouda akilini. Alimtazama Rawya, akatazama ngazi kama kuna mtu anayesikiliza, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Rawya, mwanangu. Sauti ile ya mama yako. Nyimbo zote kumi. Na aliyenyamaza ni yeye. Mie nlikuwa nje natafuna chingamu."

Juu wakaanza kumwita: Bi Masouda, Bi Masouda. Hakwenda. Alisimama pale kama mtu anayesubiri kuruhusiwa, na Khole akajua kwamba akitaka sasa hivi anaweza kumshika mkono ampandishe, alirudie neno lile mbele ya chumba kizima. Akamwangalia Rawya. Alikuwa kakaa kwenye kidato, kainamisha kichwa, anamfunga mama yake kiatu, na mabega yanamtikisika kwa kilio.

"Nenda, wanakuita," Khole alisema. "Deni lako limekwisha."

"Lote?"

"Nenda, Masouda, kabla sijaghairi."