Karatasi Niliyotia Dole Kambini

Miaka ile nilikuwa nafundisha Kiingereza sekondari moja ya Ujiji, na huku nasoma masta ya lugha hiyohiyo kwa masafa. Mimi ni mtu wa Tanga, mdomo ninao na hasira zangu ziko karibu. Msimamizi wangu alikuwa ameshanionya kwamba muhula ukiisha sijapeleka data, jina langu linafutwa. Miaka mitatu ya kusoma huku nalea ingekwenda na maji.

Utafiti wangu ulihusu watu wazima waliosomeshwa kwa Kifaransa kwao Burundi, wakaanza Kiingereza ukubwani, kwenye kambi ya wakimbizi. Nikapata kibali, na kila Jumamosi nikaenda kambi iliyoko ndani huko, mbali na ziwa, na mfuko wa dagaa wa mwaloni Katonga, maana kwenda mikono mitupu naona aibu.

Mwalimu wa darasa lile alikuwa mzee wa Kirundi, mwembamba, mpole, hana kitabu hata kimoja. Alifundisha chini ya turubai, ubao wake mlango wa bati uliopakwa masizi. Kila asubuhi sharti kila mwanafunzi aseme kwa Kiingereza jambo moja alilofanya jana, na liwe la kweli. Aliniambia mtu akisema la kweli huyatafuta maneno mpaka ayapate, lakini akisema la uongo huchukua yaliyo karibu. Nilikuwa na miaka kumi darasani na sikuwahi kuliwaza hilo. Nilimwonea wivu, nasema kweli.

Wiki tatu wakanizoea. Ya nne nikaleta fomu za ridhaa kama chuo kilivyotaka: jina, namba ya kadi ya mgao, sahihi au dole gumba. Nikazigawa, nikaweka wino mezani. Wakazitazama, wakazirudisha mezani mojamoja, wakaniaga kwa heshima zote. Jumamosi iliyofuata nikakuta mabenchi matupu na mzee amekaa peke yake.

Nikapandwa na hasira. "Shikamoo Mzee. Watu wako wamenikimbia. Nimewakosea nini?"

"Marahaba, mama. Hapa karatasi ya jina na dole ni ya kurudishwa Burundi. Wamesikia wewe ndiye unayekusanya orodha. Wiki nzima sijafundisha mtu."

Hasira zikaniisha palepale. Nilikuwa nimemvunjia darasa, na yeye ananieleza bila kunilaumu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Akaniambia nirudi Jumamosi. Wiki ile alizunguka nyumba kwa nyumba, na mzee huyo magoti yalikuwa yanamsumbua. Niliporudi wote walikuwepo, na ubao umejaa sentensi za Kiingereza walizozitunga wenyewe, wakibishana neno kwa neno: mgeni huyu atasikiliza, atarekodi sauti, na hatataja jina la yeyote kati yetu, wala la mwalimu wetu, mahali popote, siku yoyote. Mzee alikuwa amezinakili kwenye karatasi. Akaniwekea mbele. Wao hawakutakiwa kutia chochote. Wa kutia dole nilikuwa mimi. Nikaandika jina langu, nikachovya kidole, nikabandika. Mama mmoja akapiga kigelegele, watu wakacheka, tukaanza kazi.

Msimamizi wangu alinung'unika sana, lakini aliikubali karatasi ile badala ya fomu zake. Nikafaulu.

Tasnifu ilipotoka na jalada lake gumu, nikaibeba hadi kambini, na mfuko wa dagaa, nimkabidhi mzee. Akaenda moja kwa moja kwenye ukurasa wa shukrani, akausoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Nilikuwa nimeandika "mwalimu mmoja" tu, basi. Nikaona uso wake umenywea, nikamwambia nitaomba ruhusa kwa darasa zima, nitauchapa upya ukurasa huo, jina lake liingie.

Alikifunga kitabu. Kisha akaniambia kwamba vyeti vyake vyote viliungua pamoja na nyumba, na kwamba duniani hakuna karatasi inayosema yeye ni mwalimu.

"Lakini wengine wameshaondoka, mama. Utamwomba nani ruhusa? Ulitia dole."

Akakipakata kile kitabu, akanishukuru kwa dagaa. Mpaka leo sijamtaja, hata hapa, na hakuna mtu ninayetamani kumtaja kama yeye.