Mpe Dada

Mama mmoja, fundi cherehani, alikuwa na mapacha wa kike waliofanana hadi baba yao, akirudi kazini amechoka, aliita majina yote mawili, kujihami asikosee. Aliyetangulia kuzaliwa aliitwa Mkubwa, mwenzake Mdogo. Walipishana dakika chache tu, lakini zilitosha kumpa mmoja mkasi na mwingine kazi ya kuokota nyuzi sakafuni.

Mkubwa alikuwa mdomo mbele, haogopi kitu. Mdogo, kila akipewa jambo, alijibu, "Siwezi, mpe dada."

"Huyo kachukua damu ya kwenu, wifi," alisema shangazi yao siku moja, akingoja gauni lake. "Mwoga wa kuzaliwa. Mwache tu."

"Na Mkubwa kachukua ya nani?" fundi alimuuliza. "Si daktari alisema walitoka kwenye yai moja?"

Fundi alicheka, kisha kicheko kikamkauka. Mezani palikuwa na mishono ya wanawe, yote imepinda. Wa Mkubwa alikuwa ameuacha, akamwambia, "Utazoea." Wa Mdogo alikuwa anaufumua ili aushone upya mwenyewe, kwa mapenzi tu, mtoto asije akaaibika. Miaka yote hiyo amekuwa akifanya hivyo! Moyo ulimuuma.

Wengi wangelia wakaishia hapo. Fundi yule hakuwa wa hivyo, na ndiyo maana habari zake zinasimuliwa. Jumamosi alitoa kabatini kitambaa chake cha maua, kile ambacho hata yeye aliogopa kukikata, akakitandaza mezani na kumkabidhi Mdogo mkasi.

"Nishonee gauni."

"Mama, nitakiharibu. Mpe dada."

"Dada yako simwombi. Nakuomba wewe."

Mdogo akakata. Alipofika kwenye mikono ya gauni akasahau kuigeuza karatasi ya kipimo kwa mkono wa pili, akakata mikono miwili yote ya kushoto. Fundi aliliona kosa mkasi haujafika hata katikati. Ulimi ulimwasha. Akaikalia mikono yake, kweli kabisa, kama mtoto aliyekatazwa kugusa sahani za wageni. Kushona suti nzima kusingemchosha kama kunyamaza kule.

Mdogo alipogundua, machozi yalimlengalenga. Akausogeza mkasi kwa mama yake. Mama hakuupokea.

"Kitambaa kimeisha, mama."

"Naona. Sasa tunafanyaje, fundi?"

Hakuna aliyewahi kumwita hivyo. Mdogo aliuma mdomo wa chini, vile vile anavyouma Mkubwa akishikwa na ukaidi. Hiyo nayo ilikuwa damu, na ilikuwemo siku zote. Akachakura kapu la vipande, akatoa kitambaa cha bluu kilichobaki kwenye gauni la shangazi, akaigeuza karatasi na kukata mkono wa kulia.

Fundi alilivaa gauni lile hadi likapauka. Siku ya kwanza shangazi alipoliona, alishika kiuno.

"Wifi! Nani kakushonea mkono mmoja wa maua na mwingine wa bluu?"

Mama alifungua mdomo ajibu. Mdogo akamtangulia, futi tayari mkononi.

"Mimi, shangazi. Simama wima nikupime."