Mtihani Ambao Larissa Hakumbuki Kuufanya

Saa mbili asubuhi, Larissa Hudock ameinama juu ya pampu. Ncha ya bisibisi ameigusisha kwenye chuma, mpini ameubana sikioni. Anasikiliza. Chini ya miguu yake kuna mgodi wa makaa uliojaa maji, njia zake zimepita chini ya kanisa, chini ya uwanja wa mpira, chini ya vitanda vya watu. Pampu ikinyamaza muda mrefu, maji hupanda yakaingia vyumba vya chini vya nyumba.

"Injinia!" anaita Wargo, mwenzake wa zamu. "Ukimaliza kumpima huyo mgonjwa, njoo unipimie na hii kahawa. Naona imekufa."

"Kahawa yako ilizaliwa imekufa," anajibu Larissa bila kuinua kichwa.

Jina la injinia lilianza kama utani wa kumchoma. Sasa lina ukweli ndani yake. Tangu Agosti, Larissa, mwenye miaka ishirini na minane, anasoma uhandisi katika tawi la chuo kikuu cha jimbo hapa Pennsylvania. Mchana yuko kwenye pampu, jioni darasani. Kilichomfikisha huko ni mtihani ambao, kwa maneno yake, hakumbuki kuufanya.

Alikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari. Shule yake ilitoa mitihani ya kiwango cha chuo, ile inayoitwa AP. Anayefaulu vizuri anaweza kusamehewa somo hilo akifika chuoni. Larissa alichagua fizikia. Baba yake, Wasil, mchimba makaa, alimwambia asubuhi ya mtihani akifunga buti zake: "Nenda kawaonyeshe, mwanangu." Kisha akaenda mgodini.

"Nilifungua karatasi, nikasoma swali la kwanza," anasimulia Larissa. "Nikasikia kitu kinagonga chini ya sakafu. Taratibu. Kinagonga, kinatulia, kinagonga tena."

Alinyoosha mkono. Mwalimu msimamizi akamsogelea, akamnong'oneza kwamba ni mabomba ya joto tu, aendelee.

Ilikuwa Mei. Mabomba ya joto yalikuwa yamezimwa kitambo.

"Baada ya hapo sina kumbukumbu. Ninachokumbuka ni mwalimu anavuta karatasi mkononi mwangu, nayo imejaa mwandiko. Wangu kabisa. Lakini sikumbuki kuandika hata mstari."

Mama yake, Paulette, alikuwa amesimama mlangoni, amevaa ndala za ndani. Maji yalikuwa yamevunja ukuta wa mgodi na kumchukua Wasil pamoja na mwenzake. Waokoaji walisema wawili hao hawakupata hata nafasi ya kukimbia. Mgodi huo uko mbali na shule, ng'ambo ya mlima.

Julai majibu yakaja: alama tano, ya juu kabisa. Larissa hakumwonyesha mtu. Hakwenda chuo, akaomba kazi kwenye pampu.

Miaka ikapita hadi majira ya kuchipua ya mwaka huu, alipokwenda kuulizia nafasi chuoni. Mshauri wa wanafunzi, Denise Trexler, alimweleza wazi: somo la kwanza la fizikia, ambalo ni sharti la sayansi kwa wahandisi, hufundishwa mchana tu. Larissa mchana yuko kazini.

"Nikamuuliza, una kitu chochote cha kufidia?" anakumbuka Trexler. "Akasema, 'Nina alama tano, ila si zangu.' Nilidhani ameiba mtihani!"

Alipoelezwa yote, Trexler hakucheka. Alimtafutia maswali ya mwaka ule, ambayo huchapishwa kwa umma. "Nenda ukayafanye nyumbani. Ukishindwa, tutatafuta njia nyingine. Ukiweza, usinisumbue tena na habari za alama si zako."

Jumapili hiyo, baada ya kanisa, Larissa alikaa jikoni kwa mama yake. Paulette alikuwa akikunja majani ya kabichi kwa ajili ya halupki, kabichi iliyoviringishiwa nyama na wali. Hakuwa ameambiwa habari za ule mlio wa kugonga hata siku moja.

Larissa akaanza swali la kwanza. Kalamu ikashika mwendo. Katikati ya hesabu akaona mikono ya mama imesimama juu ya bakuli.

"Nani anagonga?" aliuliza Paulette.

"Wapi, mama?"

"Hapa mezani. Kama baba yako." Akaweka kidole juu ya mbao, akagonga taratibu, akatulia, akagonga tena. "Ulipokuwa mdogo ukikwama kwenye hesabu, alikuwa anafanya hivi. Hakuwa anajua jibu, maskini. Alikuwa anakungoja tu."

Larissa anasema nywele zilimsimama. Hakulia. Alimaliza swali, akalinganisha na majibu yaliyochapishwa. Alikuwa amepata. Ndipo akamsimulia mama yake yote, kuanzia ule mlio wa chini ya sakafu hadi zile alama tano.

"Sasa nifanye nini nazo, mama?"

"Nini? Alama?" Paulette alirudi kwenye kabichi yake. "Zitumie. Marehemu akikuachia koti, utalitundika lioze?"

Wiki hiyo Larissa aliomba alama zitumwe chuoni, na somo likahesabiwa. Mwezi uliopita alifanya jaribio lake la kwanza la somo linalofuata. Aliingia akiwa na hofu ya kusikia tena ule mlio wa kugonga. Hakusikia chochote.

"Kile kimya ndicho kiliniogopesha zaidi," anasema. "Nikajua hapa niko peke yangu. Nikapata B. Hiyo naikumbuka yote, hata pale nilipokosea."

Akihitimu, anataka kazi ya kuchora ramani za migodi iliyofurika na kuikausha sehemu kwa sehemu. Wataalamu wanasema upande wa ng'ambo ya mlima hauwezekani kukaushwa, maji ni mengi mno. Yeye anataka kwenda kuyapima mwenyewe.

Mwili wa mchimbaji aliyekufa pamoja na Wasil ulipatikana. Wasil hakupatikana.

"Kwenye kaburi lake tulizika buti za akiba," anasema Larissa, akifuta mikono yake kwa tambara. "Yeye bado yuko zamu. Nataka nimwambie muda wake umekwisha, arudi nyumbani."